Ngurumo na Kiti cha Kinyozi

Alikosa nusu ya tezi ya shingo. Alikosa sauti, isipokuwa mnong'ono wa kukwaruza kama kabati linaloburutwa kwenye saruji. Alikosa hamu ya kula, na alikosa ule usingizi wa mchana ambao zamani ulimkuta bado ameshika gazeti. Alikosa subira, ingawa hiyo hakuwa nayo hata kabla ya kupasuliwa. Alikosa kengele yake ya shaba, ambayo sasa ilikuwa mkononi mwa mtu mwingine. Alikosa majibu ya vipimo. Kitu kimoja tu hakukikosa, na hicho alikuwa nacho cha kumtosha yeye na majirani wote: wivu.

Watu walimwita Ngurumo. Kwa miaka mingi alikuwa mnadi katika ghala la mnada, mahali ambapo samani za waliohama, waliofilisika na waliofariki hupangwa kwa safu na kuuzwa kwa anayetoa bei ya juu. Ghala lilikuwa na paa la mabati, na mvua kubwa ikinyesha wanadi wengine hulazimika kusimamisha kazi mpaka itulie. Ngurumo hakusimama. Alisema mvua ndiyo ijifunze adabu. Alipopanda jukwaani na koti lake la kijivu lenye mifuko minne, akapiga kengele, hata waliokuwa wakibishana nje walinyamaza wakaingia ndani.

Lakini wanaoijua kazi hiyo wanajua kwamba kupiga kelele si kunadi. Ustadi wa Ngurumo ulikuwa katika kunyamaza. "Mara ya kwanza!" alinguruma. "Mara ya pili!" Kisha alivuta pumzi, akawatazama wateja mmoja baada ya mwingine kama baba anayetaka kujua nani kavunja glasi. Ndani ya kimya hicho mwenye tamaa hujiona kama anaibiwa, na mkono wake hupanda wenyewe. Bei nzuri za ghala lile zilizaliwa hapo, kati ya mara ya pili na mara ya tatu.

Yeye pia ndiye aliyeweka sheria ya kola. Wafanyabiashara wa samani hawapendi wenzao wajue wanakitaka kitu gani, kwa hiyo hawapazi sauti. Hugusa kola ya shati, basi. Kabla ya kila mnada Ngurumo aliwatangazia wote kwamba mkono kwenye kola ni dau, ukionekana umeonekana, na hakuna cha "nilikuwa najikuna." "Hata mama yangu mzazi akigusa kola," alikuwa akisema, "nitamuuzia, halafu nitamsaidia kubeba."

Kisha shingo ikaota uvimbe. Mwanzoni alilaumu mashati. Mke wake, ambaye alikuwa fundi cherehani, akampima shingo kwa utepe wake, akangoja kidogo, akampima tena.

"Baba watoto," akasema, "shati halijapungua. Wewe ndiye umeongezeka."

Daktari mpasuaji alitoa nusu ya tezi pamoja na uvimbe wake, nusu ya pili akaiacha mahali pake. Kinyama kilichotolewa kilipelekwa maabara ya hospitali, na wapimaji wawili wakakitazama wasikubaliane. Mmoja alisema ni salama. Mwenzake alisema kuna seli hazijakaa vizuri. Ikabidi kipelekwe maabara kubwa kikatazamwe upya, na damu nayo ikachukuliwa ili ijulikane kama nusu iliyobaki inaimudu kazi ya nzima.

"Majibu yakiwa mazuri," daktari alimwambia, "tunaiacha nusu hiyo iendelee, na sauti tunaipa muda. Mshipa wa sauti umechubuka tu, haukukatika. Yakiwa mabaya, tunarudi kuitoa nusu ya pili. Na hapo, mzee wangu, kuhusu sauti sikuahidi kitu."

Ngurumo akarudi nyumbani kungoja. Aliyemfahamu angeona kwamba hakuogopa kifo kama alivyoogopa habari ya jukwaa. Mwenye ghala, mjane mmoja mkali aliyeishi mji wa mbali, aliendesha biashara yake kwa barua kwa sababu hakuziamini simu. Alisema maneno ya simu hayana sahihi. Alikuwa amemwandikia hivi: "Majibu yakitoka, niandikie kwa mkono wako jukwaa nimpe nani. Ukisema unarudi, nitakungoja. Ukitaja mtu, nitamweka huyo. Neno lako linanitosha." Ngurumo aliisoma barua hiyo mara nyingi akichezesha midomo, kwa sauti ambayo hakuwa nayo.

Kwa sasa kengele alikuwa nayo shemeji yake, mdogo wa mke wake, mtu mnene mcheshi ambaye miaka yote alikuwa msaidizi wa mnada: yeye ndiye aliyeinua vitu juu ili wateja wavione. Ngurumo alikuwa amemfundisha mwenyewe namna ya kuinua kiti bila kuonyesha mguu uliolegea. Hakuwahi kufikiri kwamba mtu anayeinua viti anasikiliza pia.

Alasiri moja shemeji huyo alipiga hodi akaingia kabla hajakaribishwa.

"Wenyewe mpo? Dada, unazidi kupendeza. Shemeji, na wewe unaendeleaje?"

"Naendelea," Ngurumo alinong'ona.

Kila aliyemsikia siku hizi akinong'ona, naye alinong'ona, kana kwamba pana mtoto aliyelala. Mke wake alifanya hivyo, jirani alifanya hivyo, hata muuza mkate. Shemeji peke yake hakupunguza sauti. Ilijaa chumba kizima, ikatikisa vikombe, na Ngurumo aliihesabu kuwa ni majivuno.

"Nimekuja na habari," shemeji akasema akijitupa kwenye kochi. "Lile kabati la mlango mmoja, lililogoma kuuzwa tangu enzi zako, nimeliuza!"

"Enzi zangu," Ngurumo alirudia.

"Hakusema vibaya," mke wake alimnong'oneza, kisha akamgeukia ndugu yake kwa sauti ya kawaida. "Umemuuzia kipofu gani?"

"Bwana harusi mtarajiwa! Watu walianza kucheka kwamba mlango wa pili haupo, nikawaambia, jamani, mlango wa pili wa nini, mna siri ngapi ndani ya nyumba? Bwana harusi akamtazama mchumba wake, mchumba akamtazama yeye, na kola ikaguswa hapo hapo."

Mke wa Ngurumo alicheka mpaka akaweka mkasi mezani akafuta machozi. Ngurumo aliutazama ule mkasi. Walikuwa wameoana tangu wote wawili wakiwa na nywele nyeusi, na hakukumbuka ni lini mara ya mwisho mkasi uliwekwa chini kwa sababu ya mzaha wake.

"Kimya unakiweka?" aliuliza.

"Nini, shemeji?"

"Kabla ya mara ya tatu. Unanyamaza?"

"Aa, ile." Shemeji akatabasamu. "Najaribu jaribu."

Baada ya hapo wivu wa Ngurumo haukuwa na breki. Alimwonea wivu muuza mkate aliyepita akiita mtaa mzima. Alimwonea wivu mtoto wa jirani aliyelia saa nzima kwa kunyimwa kiberiti, akasikika mpaka barabara kuu bila juhudi yoyote. Alimwonea wivu mwalimu mstaafu aliyelala kitanda cha pili wodini, ambaye shingo yake ilipasuliwa siku moja na ya Ngurumo, na ambaye majibu yake yalitoka upesi, safi kabisa, akapiga simu kumweleza kwa sauti kamili, akimalizia kwa kumwambia asijali. Ngurumo alikata simu akasema imekatika.

Hapo ndipo alipoketi kuandika barua.

Alikuwa na mwandiko mzuri na aliujua uzuri wake. Alikuwa ameupata shule ya jioni, akiwa mtu mzima, akiingia darasani na vumbi la ghala bado puani. Alimwandikia mwenye ghala kwamba, majibu yakiwa mabaya, anayefaa kurithi jukwaa ni mtunza stoo, yule waliyemwita Bwana Taratibu. Alimsifu kwa uaminifu wake, kwa utulivu wake, na kwa kumbukumbu yake ya vitu vyote vya stoo. Hakuna neno la uongo ndani ya barua ile. Hakuandika tu kwamba Bwana Taratibu alitaja bei kama mtu anayesoma majina ya marehemu, na kwamba siku moja aliyojaribu kunadi, wateja wawili walisinzia na mmoja akaenda nyumbani.

Hesabu ya Ngurumo ilikuwa rahisi. Majibu yakiwa mazuri, ataichana barua hii na kuandika kwamba anarudi, sauti iwe imepona au la. Yakiwa mabaya, ataituma, na baada ya muda watu ghalani watasema hakuna kama Ngurumo. Kwa njia yoyote kengele itatoka mikononi mwa shemeji. Akaitia barua kwenye bahasha bila kuifunga, akaweka bahasha kwenye mfuko wa shati.

"Hiyo bahasha unayotembea nayo kama hati ya talaka," mke wake alimuuliza, "inamhusu nani?"

"Kazi," alinong'ona.

"Kama ni kazi, mbona unaificha nikipita?"

Alionyesha koo kwa kidole. Koo lilimpa udhuru wa kutojibu, na hilo ndilo jambo pekee zuri lililotokana na upasuaji.

Siku ya mnada uliofuata alishindwa kukaa ndani. Alimwambia mke wake anakwenda kunyoosha miguu, akainyoosha moja kwa moja mpaka ghalani. Alisimama nyuma kabisa, karibu na magodoro, kofia imeshushwa na kitambaa kimezungushwa shingoni kufunika kovu. Alikuja kusikiliza makosa. Alikuwa na hamu nayo kama mtu mwenye njaa anavyonusa jiko la jirani.

Kosa la kwanza hakulipata. Shemeji alipanda jukwaani, akapiga kengele mara moja tu kama ipasavyo, akatangaza sheria ya kola neno kwa neno, hata yale ya mama mzazi, na watu wakacheka mahali pale pale walipokuwa wakicheka zamani. Ngurumo alihisi kama mtu anayemwona mwingine amevaa viatu vyake na vinamkaa.

Kikaletwa kiti cha kinyozi. Kilikuwa kikubwa, cha chuma na ngozi nyekundu, chenye mkono wa kukipandisha na kukishusha na kimto cha kuegemeza kichwa. Wafanyabiashara wawili wakaanza kukigombania, kola kwa kola, mpaka mmoja akachoka akaangalia pembeni.

"Mara ya kwanza!" shemeji aliita. "Mara ya pili!"

Akavuta pumzi, akanyamaza.

Hakikuwa kimya cha kujaribu jaribu. Kilikuwa chenyewe, kizito na kirefu, na macho ya shemeji yalitembea juu ya watu mmoja mmoja. Ghala zima likasimama. Ngurumo aliyekitunga kimya kile hakuwahi hata siku moja kukisikia kutoka upande wa wateja, na kilimpiga kifuani. Ameniibia, alifikiri. Sauti amechukua, kengele amechukua, na sasa hata pale nisiposema kitu amepachukua. Hasira ilimpanda kooni mahali penye mshono, mshono ukamchoma, na mkono wake ukaenda shingoni, penye kola, bila kumuuliza.

"Nyuma, penye magodoro!" shemeji aliita. Kisha akashusha kengele.

Walitazamana juu ya vichwa vya watu wote. Ngurumo alitikisa kichwa kidogo sana. Watu walikuwa wamekwisha geuka, na minong'ono ilianza: ni Ngurumo, Ngurumo kaja, Ngurumo ameweka dau.

"Mara ya kwanza," shemeji akasema, polepole. "Mara ya pili." Na kimya kikaja tena, kirefu kuliko cha mwanzo, na yule mfanyabiashara aliyekuwa akiongoza hakuigusa tena kola yake. Shemeji akainua mabega. "Mara ya tatu! Kiti ni cha bwana mwenye kofia."

"Ngurumo anakwenda kunyoa!" mmoja akapaza sauti, na ghala likaangua kicheko.

Mnada ulipokwisha, shemeji alimfuata nyuma ya magodoro akijifuta jasho.

"Ulijua haikuwa dau," Ngurumo alinong'ona.

"Nilijua, shemeji."

"Ukaniuzia."

"Nikakuuzia. Watu wote walikuona." Sauti yake ilikuwa ile ile kubwa, na watu wa kubeba mizigo waligeuka kutazama. "Nikikuachia wewe kwa kuwa umemuoa dada yangu, wiki ijayo nitamuuzia nani kwa kola? Nani aliyesema hata mama yake mzazi?"

Ngurumo alivua kofia akaikung'uta vumbi. Yeye mwenyewe angefanya vivyo hivyo, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

"Umeonaje mkono wangu kutoka kule?" aliuliza. "Pana giza."

"Nilikuwa nakutazama wewe tangu ulipoingia. Niliogopa kukosea mbele yako." Shemeji akacheka. "Haya, tushike pande zote mbili. Sheria inasema nikusaidie kubeba."

Mke wa Ngurumo aliwaona wakiingia na kiti, mmoja mbele mmoja nyuma. Aliwatazama mpaka walipokitua barazani.

"Baba watoto," akasema, "umetoka hapa kunyoosha miguu, umerudi na kiti cha kinyozi. Na nywele huna."

Safari hii mke hakunong'ona. Alikuwa amesahau.

Siku zilizofuata kiti kile kilimkera Ngurumo kwa kuwa kizuri. Kimto chake kilishika kichwa pasipo kuivuta shingo, na kwa mara ya kwanza tangu upasuaji akalala mchana na gazeti mkononi. Hakumwambia mtu.

Alikuwa humo kitini simu ilipoita kutoka hospitali. Muuguzi alisema majibu yamefika, afike kesho asubuhi pamoja na ndugu, daktari atamweleza mwenyewe.

"Sauti ya muuguzi ilikuwaje?" mke wake aliuliza, mikono imeshika kitambaa bila kushona. "Ya habari njema au ya habari mbaya?"

"Nzuri. Nene. Inafaa kunadia."

"Wewe mtu, nakuuliza la maana!"

"Sikusikia lolote ndani yake," alisema, na huo ulikuwa ukweli.

Mke wake alikwenda ndani. Ngurumo alibaki barazani akiitazama bahasha aliyoitoa mfukoni. Kesho, alifikiri, daktari atafungua faili. Akisema mazuri, mimi nitaandika kwamba narudi, nami najijua: nitang'ang'ania jukwaa kwa nusu ya sauti mpaka mabati yaote kutu na shemeji azeeke akiinua viti. Akisema mabaya, nitamtuma Bwana Taratibu akawalaze watu. Njia zote mbili, barua itakuwa imeandikwa na kipande cha nyama kilichomo ndani ya chupa ya maabara. Mimi nitakuwa nimekopesha mwandiko tu.

Hilo lilimkasirisha kuliko wivu wenyewe. Hakwenda shule ya jioni ili nyama ije kumwandikia barua.

Aliichana ile ya kwanza. Akaomba karatasi safi, akaandika barazani, kwenye mkono mpana wa kiti cha kinyozi:

"Bibi Mheshimiwa, ulisema niandike majibu yakitoka. Bado sijayasikia, na ninaandika leo makusudi, ili usije ukadhani ni ugonjwa unaosema. Jukwaa mpe shemeji yangu. Anaona mkono gizani, anashika sheria hata kwa jamaa yake, na anajua kunyamaza. Nilimfundisha mimi, ingawa nilikuwa sijui kwamba namfundisha. Ana kosa moja: anapotamka mara ya tatu anainua mabega, na mnunuzi mjanja ataligundua. Nitamrekebisha. Kengele abaki nayo. Lakini koti langu la kijivu lisivaliwe na mtu yeyote. Nusu ya tezi nimetoa na jukwaa nimetoa, koti sitoi."

Alisoma tena sehemu ya mabega, akaona imekaa vizuri, akaiacha.

Asubuhi posta ilikuwa ndiyo inafunguliwa. Ilitazamana na lango la hospitali, na mke wake alisimama langoni upande wa pili wa barabara, amekumbatia mkoba, akimpungia mkono kwamba wanachelewa. Ngurumo alilamba ukingo wa bahasha, akaibana kwa kidole gumba kutoka kona hadi kona, akaisukuma chini ya kioo.

"Kawaida au rejista?" karani aliuliza.

"Rejista," alinong'ona.

"Haya, mzee," karani naye akanong'ona.

Karani akabandika stempu, akapiga muhuri wa kwanza. Akapiga wa pili kwenye risiti. Kisha wino ukamwishia. Akafungua kichupa, akaanza kulowesha kile kipande cha sifongo bila haraka yoyote, na bahasha ikabaki juu ya kaunta, karibu, mahali ambapo mkono ungeweza kuifikia.

Ngurumo aliuhisi mkono wake unaanza kupanda. Akautia mfukoni, akaushika humo.

Muhuri wa tatu ukatua. Karani akaitupa bahasha kwenye gunia la barua lililokuwa nyuma yake, na ikatoweka kati ya nyingine.